Nyumba za Masuguru Zilipovaa Sare

Filomena ndiye aliyeanza. Alikuja kwangu kuomba kaa la moto, akakaa juu ya ndoo ya rangi ninayomwogeshea mtoto, akaniambia kwamba Mdoe wa kamera anatumwa na watu wa barabara. Alisema Mdoe akishaipiga picha nyumba yako, Ijumaa haipiti, utakuta ukuta umechorwa X nyekundu, na baada ya X ni tingatinga. Nikamuuliza kajuaje. Akasema alikuwepo kwenye harusi kule kijijini Mkumbara na akaona kwa macho yake: bibi harusi anaingia, akina mama wanapiga vigelegele, na Mdoe kamera kaielekeza jikoni.

"Ukuta, mama Ikram," alisema. "Bibi harusi kapita nyuma yake kama mtu anayekwenda kujisaidia."

Habari ya tingatinga ilikuwa uongo. Habari ya Mkumbara ilikuwa kweli, na mkanda wenyewe nimeuona. Baba wa yule binti alianza kujenga binti akiwa chekechea. Chini kuna tofali za kuchoma, za mwaka ule mahindi yalipokubali. Katikati kuna tofali za saruji, za mwaka alioagana na ng'ombe wake. Juu kamalizia kwa mbao, maana harusi ilikuwa imeshatangazwa na kadi zimeshatembea. Mdoe aliipanda ile nyumba kwa kamera polepole, kutoka msingi mpaka bati, kama wenzake wanavyompanda bibi harusi kutoka viatu mpaka shela. Baba mtu aliupenda sana mkanda ule. Nasikia kila akiurudia, akifika kwenye tofali za saruji anajifuta macho. Bibi harusi mpaka leo haitikii salamu ya Mdoe.

Huyo ndiye Mdoe. Ni mwembamba, shati lake hulifunga vifungo mpaka cha shingoni hata jua likiwa kali, na akikusalimia anakuangalia wewe, halafu mlango wako, halafu tena wewe. Mkewe, Tatu, anayechoma vitumbua pale njia panda, husema ameolewa na mtu anayejua bawaba za majirani kuliko anavyojua mkewe amesuka mtindo gani. Anasema huku anacheka, lakini kitumbua anakigeuza kwa nguvu.

Kwao ni Handeni, kijiji ambacho maji yanafuatwa mbali na nyumba zilikuwa za miti na udongo. Aliwahi kumsimulia mume wangu kwamba kila mvua zikipita mama yake alizikandika kuta upya kwa mikono, na vidole vyake vilibaki pale mwaka mzima. Ukitaka kujua mama alichoka wapi, unatazama ukuta. Alipomaliza darasa la saba hakufaulu kuendelea, kama mimi, akaletwa hapa Korogwe kwa Mzee Kasmiri wa studio ya picha.

Sasa ile studio ya Kasmiri, asiyeijua ni mgeni. Ilikuwa na pazia kubwa la turubai, limechorwa mji. Maghorofa marefu, barabara iliyopita juu ya barabara nyingine, chemchemi inayorusha maji, na ndege angani. Unasimama mbele yake, unaweka mkono kiunoni, unapigwa. Pazia la kwanza lilichanika, na Mdoe kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi akaambiwa achore jingine. Mji wa namna ile hajauona hata kwa mbali. Aliuchora kwa kuangalia kalenda ya ukutani, na pale kalenda ilipoishia aliwasikiliza wateja. Mmoja alitaka ndege iwe kubwa zaidi. Mwingine alitaka twiga, Mdoe akamtia twiga kando ya ghorofa, anachungulia dirisha la tatu.

Watu wote wa rika fulani hapa Korogwe wana picha katika mji ule. Mama mkwe wangu anayo. Mume wangu anayo, ana miaka minne, kavaa viatu vya mtu. Filomena anayo akiwa na mume wa kwanza, na anayo nyingine akiwa na mume wa pili, ghorofa ni lile lile, twiga ni yule yule, na ndege bado haijatua.

Mdoe alimuuliza Kasmiri kwa nini wasichore Korogwe yenyewe. Kuna daraja, kuna stesheni ya reli, kuna stendi. Mzee akamjibu kwamba Korogwe watu wanaiona bure.

Simu za kupiga picha zilipoingia, studio ilikufa. Kasmiri akabaki na picha za pasipoti na friji ya soda, pazia likakunjwa likawekwa juu ya kabati. Mdoe akatafuta kamera ya video, akawa mtu wa harusi, kipaimara, maulidi na kuaga mwili. Ameingia katika nyumba nyingi hapa mjini kuliko mpima malaria. Lakini nyumba yenyewe haikuwahi kumwita. Aliitwa na shughuli.

Halafu walikuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walitangaza kwa kipaza sauti kwamba kuna maonyesho ya filamu za makala kuhusu miji, kiingilio bure na soda. Nilikwenda, Ikram mgongoni, kwa sababu ya soda, siwezi kusema vinginevyo. Ukumbi ulijaa. Wakatundika shuka jeupe, wakazima taa, ikaanza filamu ya jengo moja la nchi ya watu. Watu wanapanda ngazi. Wanashuka. Bibi mmoja anapumzika katikati na kikapu chake, anapanda tena. Mwanamume nyuma yangu akauliza steringi anatokea saa ngapi.

"Steringi ni hiyo ngazi," Mdoe akamjibu bila kugeuka.

Ukumbi ulicheka, kisha ukaanza kuondoka, soda mkononi. Ilipofika filamu ya soko linalojengwa tulikuwa tumebaki Mdoe, mimi kwa kuwa mtoto alikuwa amelala, na mlinzi wa viti. Nilimwangalia Mdoe. Nimemwona kwenye harusi nyingi, ana sura ya mtu anayesubiri chakula kiishe. Siku ile sura yake ilikuwa kama ya mtu aliyesikia lugha ya kwao katika basi la wageni.

Mkuu wa wale watu alikuwa dada mmoja anaitwa Pendo. Alimwuliza Mdoe maswali mengi, akatazama mkanda wa Mkumbara, akautazama tena. Akamwambia atengeneze filamu fupi ya mtaa wake, jinsi watu wanavyoishi katika nyumba zao, basi. Ikifaa watamchukua mwaka mzima Dar akajifunze kazi hiyo mpaka aishike. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja kwa mkoa wetu. Mdoe ana miaka arobaini na kidogo. Alimwambia mume wangu kwamba tangu azaliwe ameitwa kwa kazi za watu, hii ndiyo mara ya kwanza ameitwa kwa kazi yake, na haoni kama kuna mwingine atakayemwita.

Ndipo akaanza kupita mtaani kwetu Masuguru na stendi ya kamera begani, na ndipo Filomena akaja kuomba moto.

Maneno ya Filomena hayahitaji miguu. Kufika adhuhuri kila mlango ulikuwa umefungwa. Mdoe aliweka kamera mbele ya nyumba ambayo ina watu kumi na mmoja na mbuzi, akapata picha ya kufuli. Nyumba ya pili, khanga imetundikwa dirishani, nyuma ya khanga anasikika mtu anamnyamazisha mtoto. Ajuza mmoja alitoka na mwiko, akamwambia kama anataka kubomoa aanze na msikiti aone. Alirudi kwa Tatu na mikanda miwili ya milango iliyofungwa. Tatu akasema afadhali, kwa kuwa milango ndiyo anayoipenda.

Akaenda kumlilia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Awadhi. Mzee Awadhi ni mtu mwema, ila jambo likifika kwake halitoki likiwa dogo. Aliitisha mkutano. Alieleza kwamba hakuna X, hakuna tingatinga, kwamba filamu hii itaonyeshwa Dar es Salaam na pengine mbele ya Dar es Salaam, na kwamba kwa miaka mingi abiria wa Arusha na Moshi wanaijua Korogwe kwa chipsi na choo, sasa basi, wataijua kwa nyumba. Watu wakapiga makofi. Mdoe alisimama kuomba neno, akasema anachohitaji ni watu waishi kama wanavyoishi siku zote.

"Hilo tumekusikia, mwanangu," Mzee Awadhi akasema. "Sasa tuunde kamati."

Mnajua wenyewe kwetu. Kikishaundwa kitu kinachoitwa kamati, lazima kuwe na sare. Kwa kuwa wanaopigwa picha ni nyumba, ikaamuliwa sare wavae nyumba: juu rangi ya maziwa, chini damu ya mzee. Tena upande wa mbele tu, kwa kuwa kamera inaingia kwa mbele. Mtaa mzima ukanuka rangi. Watoto walikatazwa kuegemea kuta. Kupika barazani kulipigwa marufuku, moshi usije ukachafua, ikabidi akina mama wapikie uani nyuma, ambako hakukupakwa kitu na ambako Mdoe hakuruhusiwa kufika. Kamba za nguo zilikatwa. Mama mmoja alitoa makochi yake barazani yakiwa bado na nailoni ya dukani, miaka sita sasa, akafukuza kuku waliokuwa wakitagia pale kabla makochi hayajatoka.

Kwangu kamati ilikuja watu watatu. Lazima nieleze kwangu. Ninaishi kwenye pagale. Mwenye nyumba yuko Dar, anajenga kidogo kidogo, na sisi tumewekwa humo tulinde tofali zisitembee. Mume wangu ni fundi ujenzi, siku nyingi yuko Handeni kwenye kazi za watu. Nyumba ina vyumba vinne. Mama yangu kule Handeni nilimwambia ina vyumba vinne na sikumdanganya. Kuhusu bati hakuuliza. Sebuleni ndiko ninakopikia, maana moshi unatoka vizuri mahali paa litakapokuwa. Ikram analala katika chumba kitakachokuwa choo cha ndani, ndicho chenye zege juu, hakivuji, na ni kidogo, kinashika joto. Nepi zake ninaanika kwenye nondo zilizochomoza juu ya nguzo, zile ambazo watu huziacha kwa ajili ya ghorofa atakalojenga mjukuu. Zinakauka haraka kuliko kamba yoyote.

Kamati waliangalia, wakashauriana kwa kunong'ona kana kwamba mgonjwa yumo ndani. Kisha wakaniambia kwa upole kwamba nisijisumbue na rangi. Walileta turubai la bluu la kufunikia mahindi, wakalitundika upande wote wa barabarani, kutoka nguzo mpaka nguzo. Mmoja akaniambia nisiumie moyo. Sikuumia sana. Nilikuwa nimepata kivuli.

Filomena yeye hakuwa na shida ya mbele, shida yake ilikuwa ubavuni. Nyumba yake iko kwenye kona, na ubavu haukupigwa lipu. Tofali zinaonekana, na mahali fulani pamezibwa kwa bati la pipa. Rangi haikushika. Basi alikwenda kwa Kasmiri, na siku ya picha sote tuliona: ubavu mzima wa nyumba yake umefunikwa pazia la studio. Maghorofa, barabara juu ya barabara, chemchemi, twiga. Filomena kasimama mbele yake na gauni la kitenge, mkono kiunoni, hapumui.

Mdoe alifika na kamera, akasimama. Aliliangalia lile pazia muda mrefu. Ndege aliichora yeye, alikuwa na miaka kumi na saba.

"Dada Filomena," alimwambia, "mimi natafuta nyumba yako."

"Iko nyuma yangu."

"Hii si nyumba yako. Hii nimeichora mimi."

"Basi si ndiyo vizuri," Filomena akasema bila kutingisha mdomo. "Unaijua. Piga."

Alipiga. Angefanya nini. Siku nzima alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba watu walikuwa wamesimama mlangoni kwa mistari, warefu nyuma, wafupi mbele, wameshikilia pumzi. Akiwaomba waendelee na kazi zao wanamuuliza kazi gani, leo si tuna picha. Aliomba mzee mmoja akae tu kwenye ngazi yake kama akaavyo kila jioni akisubiri adhana. Mzee alikaa, lakini alikuwa amevaa koti la suti na saa ya mwanawe, akaangalia kamera kama inampima macho. Mzee Awadhi alifungua shughuli kwa hotuba na kuifunga kwa hotuba. Kulikuwa na emsii. Watu waliokula ubwabwa wanakubali kwamba ilifana.

Yaliyoipata filamu yenyewe alipoituma Dar aliniambia Mdoe Jumamosi jioni, nikiwa ninaanua nepi. Nilisikia mtu anabisha hodi kwenye turubai. Nikamwamkia, nikamkaribisha, akaingia kwa kuinama, akavua viatu kwenye udongo kana kwamba kuna zulia. Nilimpa ile ndoo ya rangi akae. Ikram akamtambalia, akaanza kuvuta mkanda wa mfuko wa kamera.

Alitoa simu akanisikilizisha sauti ya yule dada Pendo. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alisema, "Kaka Mdoe, picha zako ni safi sana, zimetulia. Ila nisaidie. Huu ni mji gani? Na watu wanaoishi humo watahamia lini?" Halafu akasema wanafunga kupokea Jumatatu asubuhi, kuna mtu wa Muheza ameshaleta yake, angependa sana kuona mkanda mwingine wa Mdoe kabla ya hapo.

Mdoe alirudisha simu mfukoni. Aliniambia kwamba ameshazunguka tena kutwa. Rangi haijakauka vizuri na hakuna anayeruhusu mtu aegemee chochote. Makochi bado yako barazani. Filomena hataki pazia lishushwe, amelizoea, anasema linapoza nyumba. Watu wameanza kuja kupiga nalo picha kwa simu, na Kasmiri ameleta friji ya soda. Alipomaliza kusema alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Nilimchemshia chai. Nilipika pale pale sebuleni kwangu, yeye anaangalia. Moshi ulipanda, ukapita kati ya kuta, ukatoka juu. Nilimbeba Ikram mgongoni nikamtikisa huku nakoroga, kwa kuwa usingizi ulikuwa unamjia na alikuwa anakataa. Nilipomwona ametulia nilimpeleka kwenye kile chumba chake, nikaegesha bati mlangoni. Nilipogeuka nikamkuta Mdoe ametazama juu, kwenye nondo, ambako nepi tatu bado zilikuwa zinapepea na jua la jioni limezipiga kwa nyuma. Sura yake ilikuwa ile ya ukumbini.

Hapo nikajua anakuja na nini. Nilifikiria ukumbi umejaa watu na shuka jeupe, na mimi ndani yake nimejifunga khanga ya kupikia. Nilimfikiria mama, ambaye kuna siku mtu angemwonyesha kwenye simu. Nilifikiria kamati na turubai lao. Nikachukua ufagio nikaanza kufagia majani yaliyoanguka tangu asubuhi, ingawa hayakuwa mengi. Ufagio ndio kitu nilicholetwa nacho mjini. Mama alinifundisha kwamba nyumba yaweza kukosa mlango, yaweza kukosa bati, lakini uwanja ufagiwe kabla jirani hajafungua macho. Kwetu uwanja ukikutwa haujafagiwa watu hawaulizi kama umechoka. Wanauliza nani kafa. Tangu nihamie kwenye pagale hili hakuna aliyepita asubuhi asikute mistari ya ufagio mchangani, na hata Filomena, ambaye ana neno kwa kila kitu changu, kwa uwanja hana.

Mdoe alimaliza chai, akaweka kikombe chini mahali asipouvuruga mchanga.

"Shemeji," alisema, "najua walikufunika. Mimi nakuomba kesho, kabla hakujapambazuka vizuri, nilishushe lile turubai. Wewe fanya kama umefanya leo. Upike hapo ulipopika, mtoto umlaze hapo anapolala."

Niliendelea kufagia.

"Nepi usizianue zote," akasema. Kisha akatazama ufagio mkononi mwangu, akatazama mistari niliyokwisha kuichora, na sauti ikamshuka kama ya mtu anayeomba mkono wa binti wa watu. "Na kuna moja zaidi, ni kubwa, ukikataa nitaelewa. Kesho, shemeji, asubuhi moja tu, nyayo zenu zibaki mchangani zionekane. Naomba usifagie."